Mjadala: Watu wa Ballykilcline walifukuzwa au walilipiwa nauli?

Mpimaji: Wakuu, Ballykilcline ni kitongoji cha ekari kama 600 katika parokia ya Kilglass, kaunti ya Roscommon, Ayalandi. Ardhi ilikuwa mali ya ufalme wa Uingereza, ukoo wa Mahon wa Strokestown wakiikodi hadi mkataba ulipoisha 1834. Ufalme ukaichukua wenyewe, wakulima wakagoma kulipa pango, kesi zikaenda zaidi ya miaka kumi. Mwisho wake, 1847 na 1848, nyumba zikabomolewa, na watu zaidi ya 360 wakapelekwa Liverpool, kisha New York, nauli juu ya serikali. Tuite nini? Kufukuzwa, au kusaidiwa kuhama?

Bi Sauda: Kusaidiwa, tena sana. Angalia jirani yao: Meja Denis Mahon alisafirisha wapangaji wake karibu 1,500 kwenda Quebec, Kanada, mwaka huohuo wa 1847 kwa meli za bei ya chee, wakafa ovyo baharini na kwenye kisiwa cha karantini cha Grosse Île. Hawa wetu wakapelekwa New York, ambako sheria za abiria zilikuwa kali na nauli ghali zaidi. Halafu tusemezane ukweli: wale hata kulima hawakujua. Kiazi unakilaza juu ya majani mabichi, chini hujatifua, unafunika, unakwenda zako. Njaa ile kuu ya viazi kuoza, iliyoanza 1845, ingewakuta tu.

Jembe Butu: Dada, hapo kwenye kilimo umechemka. Tuta la Ayalandi linatengenezwa hivi. Unapima ukanda wa futi nne au tano. Unatandaza samadi juu ya nyasi zenyewe, unapanga mbegu juu yake. Kisha kwa jembe la kukanyaga, wao huliita loy, lenye mpini mrefu na ubapa mwembamba, unakata bamba la nyasi kila upande na kulipindua, majani kwa majani. Ulipokata pamekuwa mfereji. Miche ikichomoza unachimba tena mferejini na kupandishia udongo. Nyasi zilizolaliana zinaoza na kulisha kiazi, maji yanashukia mferejini. Udongo wa kule ni mfinyanzi mzito wenye mvua mwaka mzima. Utifue wote mwezi wa nne uone kama hujapata uji. Hiyo ni kazi ya mvivu?

Bi Sauda: Sijasema wavivu. Nimesema hawakujua. Soma vizuri kabla ya kurusha mate.

Jembe Butu: Tofauti yake ni ipi?

Karani wa Zamani: Mnagombania tuta wakati swali ni la watu. Fungueni orodha ya Griffith, ile tathmini ya kodi ya nyumba na mashamba. Majina ya Ballykilcline ni machache mno. Hizo familia za mgomo zimekuzwa.

Mpimaji: Mzee, Griffith alifika Roscommon miaka ya 1850, watu wameshaondolewa. Ulitaka aandike magofu? Kwa waliokuwapo kabla, anza na vitabu vya zaka, ile kodi ya kanisa, vya 1823 hadi 1837. Navyo vinataja mwenye shamba tu: mke, watoto na kibarua asiye na ardhi humuoni. Ndiyo maana faili za kesi za ufalme ni dhahabu, zimetaja watu wengi.

Karani wa Zamani: Sensa ya 1841 je? Ah, Waingereza waliichoma.

Mpimaji: Hapana. Iliungua Dublin, kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts palipotunzwa kumbukumbu, Juni 30, 1922, Waayalandi wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 ndizo serikali iliziharibu kwa makusudi. Za 1901 na 1911 zipo kamili.

Mtaa wa Pili: Wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua pale mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakuta vyombo vizuri vya viwanda vya Uingereza. Kumbe hela ya sahani ilikuwapo, ya pango hakuna!

Jembe Butu: Sahani moja na pango la mwaka unaviweka mizani moja? Turudi kwa Bi Sauda. Kilichowamaliza ni mbegu. Karibu wote walipanda Lumper: inazaa sana, inavumilia ardhi mbovu, ila baka chelewa, ule ugonjwa wa kuozesha viazi, likiingia haina kinga. Vimelea vinaanzia kwenye majani, mvua inaviteremsha hadi kwenye kiazi. Anayejua leo anakata mashina mapema, anasubiri wiki mbili ngozi ikomae ndipo achimbe. 1845 nani angewaambia? Walichimba haraka, wakafukia shimoni vizima na vilivyoguswa pamoja, vikaozeana. Dawa ya shaba na chokaa ilikuja miaka ya 1880, tena kwenye mizabibu ya Ufaransa.

Bi Sauda: Kwa hiyo hawakujua. Asante.

Jembe Butu: Hakuna aliyejua! Hata wataalamu wa serikali walidhani ni unyevu!

Mpimaji: Ndugu zangu, nyumba zilibomolewa makusudi ili wasirudi. Nauli unayopewa huku ukuta wako unaangushwa, hiyo ni hisani?

Mtaa wa Pili: Wengine wakaishia Rutland, Vermont, kwenye machimbo ya mawe. Sijasikia aliyeomba kurudi.

Mpimaji: Kurudi wapi, mkuu?

Karani wa Zamani: Mimi bado niko kwenye tuta. Mfereji ukiwa futi mbili na ukanda futi nne, theluthi ya shamba imekwenda na maji. Hapo Bi Sauda ana hoja.

Jembe Butu: Udongo wa mfereji umekwenda wapi, mzee? Uko juu ya tuta! Umeuweka pale pale penye mzizi.

Bi Sauda: Karani, endelea.