Kufundisha watoto kanisani kumekuwa mzigo, raha yake nitaipataje?

Mwalimu_Kasulu
Shalom wapendwa. Najitolea Shule ya Jumapili hapa Kasulu. Watoto kama 60, miaka 3 hadi 12, wote chini ya mwembe mmoja, walimu wawili. Wadogo wanalia, wakubwa wanapiga soga, sauti inakauka. Kuacha sitaki, ila siku hizi naenda kwa sababu tu zamu ni yangu. Wenzangu mnafanyaje?

Mama_Migebuka, Ujiji
Pole mwalimu. Watoto 60 kwa walimu wawili, hata malaika angefoka.

Gawa kwanza: 3–5, 6–8, 9–12. Mtoto wa miaka minne hadithi ikipita dakika nane ameshaanza kuchimba mchanga, na wa jirani yake wanamfuata. Wa miaka 11 naye ukimpigisha makofi kipindi kizima anaona umemdharau. Omba kwaya ya vijana ikupe watu wawili kila mwezi kwa zamu. Wanafunzi wa kipaimara wasaidie wadogo kupanga mistari na kugawa kalamu, kufundisha bado. Chooni watoto waende wawili wawili, na mtu mzima asijifungie na mtoto mmoja popote, hata kwa maombi.

Kipindi dakika 45 zinatosha: nyimbo dakika 10, hadithi 10, igizo au kuchora 15, mstari wa kukariri 5, maombi na kuagana 5. Mstari usizidi maneno kumi. Uvunje mara mbili, wa kulia waseme kipande cha kwanza, wa kushoto wamalizie, kisha wabadilishane.

Raha yenyewe iko kwenye igizo. Chukua Yohana 6, pale Yesu anapolisha umati. Aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili ni mtoto, na mikate ya shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Weka chapati tano na migebuka miwili, hata ya kukata kwenye boksi. Nafasi ya yule mtoto mpe mkimya kuliko wote. Vikapu 12 vya masalio wabebe wengine, boksi za dukani zinafaa. Kuna yule anayejua kila jibu na kutaka kila nafasi. Yeye mpe kazi ya kupanga umati.

Zamu_Tabora
Niongezee hapo. Ukifundisha kila Jumapili utachoka tu, upende usipende. Fundisha mbili, keti ibadani mbili, maana nawe unahitaji mahubiri. Andaa somo Alhamisi. La Jumamosi usiku huwa ni kusomea watoto kitabu.

Weka daftari: jina, umri, mzazi, nani huja kumchukua. Mtoto akiitwa kwa jina lake hutulia haraka kuliko akipigiwa kelele za “wewe wa nyuma”. Asiyeonekana Jumapili tatu, fika kwao. Na huko Kasulu wadogo wengi nyumbani ni Kiha, basi msaidizi airudie hadithi kwa Kiha.

Mwalimu_Kasulu
Asanteni sana. Tukiwapa pipi mwishoni je?

Mama_Migebuka, Ujiji
Pipi za kila wiki hapana. Hela ikiisha, nao wanaisha. Mara moja kwa mwezi wapikieni uji. Kikombe cha robo lita kwa watoto 60 ni lita 15: unga kilo moja na nusu, sukari kilo moja. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka. Ukiutupa mkavu ni madonge matupu. Karanga msiweke kabla ya kuwauliza wazazi, wapo watoto zinaowadhuru.

Mwalimu_Kasulu
Na mvua zikianza?

Zamu_Tabora
Ombeni madarasa mawili shule ya msingi jirani. Barua ipitie kwa wazee wa kanisa, iandikwe mapema, na itaje nani atafagia na nani atarudisha madawati, maana mwalimu mkuu atauliza hilo kabla ya yote. Hata mvua zikichelewa, hameni tu. Embe zikianza kuanguka, chini ya mwembe hapafundishiki.