Helikopta ya polisi humwonaje mtu gizani?

Mdadisi: Wakuu, naomba kuelimishwa. Helikopta ikizunguka usiku inampataje mtu aliyejificha? Na kwa nini wasitume droni tu?

Jicho la Juu: Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya rubani na kuendesha kamera. Kamera ile husoma joto, si mwanga. Mtu aliyelala kwenye nyasi baridi hung'aa kwenye skrini hata kukiwa na giza totoro. Ila haioni ndani ya nyumba. Hata kioo cha dirisha huizuia. Kazi nzito iko kwenye redio: "Kushoto kwako, nyuma ya banda." Gari likikimbia tunalifuata toka juu, ili magari ya polisi yapunguze mwendo na wapita njia wasigongwe. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Pendo: Na faragha yetu je? Picha za watu wasiohusika zifutwe, na sheria iseme lini.

Jicho la Juu: Nakuunga mkono kabisa, dada. Mdadisi, droni ni gharama nafuu na hufaa eneo dogo, lakini betri za nyingi haziwezi kukaa hata saa moja. Mzee akipotea msituni, tunahitaji kuzunguka muda mrefu.