Bandari za Kent zilizokimbiwa na bahari: ile nchi mpya ilikuwa ya nani?

Katibu wa Mwalo:
Wakuu, mwangaluka. Mimi ni katibu kwenye mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Ziwa lilipofurika 2020 tulihamishia vichanja vya dagaa juu. Maji yaliporudi nyuma kikabaki kipande cha nchi ambacho sasa mitaa miwili inakidai. Wazee wanakumbuka ziwa kupanda vile vile miaka ya 60 mwanzoni, ila hakuna aliyeandika mpaka ulipita wapi. Kikaoni mzee mmoja, mwanawe anasoma Canterbury, mji wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, akasema Waingereza walishapambana na jambo hili zamani: eti kule Kent ipo miji ya bandari isiyo na bahari, na bado inaitwa bandari. Watu wakacheka. Nimefungua ramani, kweli New Romney iko nchi kavu, na kutoka Sandwich hadi ufukweni ni kama kilomita tatu. Mwenye kuijua historia ya kule anisaidie: bahari ilikwenda wapi, na nchi iliyobaki alipewa nani? Kikao kijacho ni Jumamosi. (Sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka majini naijua, msinikumbushe.)

Mwalimu Nyegezi:
Katibu, mzee hajawadanganya. Mimi nilisoma Canterbury, na siku za mapumziko nilikuwa nadandia basi kwenda Romney Marsh, tambarare tupu ya majani, mifereji na kondoo.

Miji ya zamani iliyoitwa Bandari Tano (Cinque Ports) ni Hastings, iliyo Sussex jirani na Kent, kisha New Romney, Hythe, Dover na Sandwich za Kent. Baadaye Rye na Winchelsea zikaongezwa. Kabla mfalme hajawa na jeshi lake la majini, miji hii ndiyo iliyompa meli: 57 kila mwaka kwa siku 15, kila moja na watu 21 na kijana mmoja wa kutumwa. Malipo yake yalikuwa msamaha wa kodi na haki ya kuwa na mahakama zao wenyewe. Kwa hiyo jina "bandari" lilikuwa mali, na bahari ilipoondoka hawakuliachia.

New Romney ilikuwa mdomoni mwa mto Rother. Mwaka 1287 dhoruba ilimwaga changarawe na tope mjini, na mto wenyewe ukahama, ukaenda kumwaga maji yake Rye. Nenda kanisa la St Nicholas uone: mlango wa magharibi unaushukia ngazi, maana ardhi ya nje ilipanda kuliko sakafu ya kanisa. Ndani, nguzo zina doa la udongo kwa chini, juu yake jiwe ni jeupe. Nilipapasa nguzo moja mpaka mama aliyekuwa anapanga maua akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Winchelsea ya zamani yenyewe ilimezwa na bahari. Mfalme Edward I alishaanza kuwapimia watu mji mwingine juu ya kilima, mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Orodha ya viwanja ya 1292 ipo hadi leo: nani amekaa wapi na analipa kodi kiasi gani. Hilo ndilo ningelipeleka kikaoni. Mpaka wao haukuwekwa kwenye maji, maana maji hayana adabu; waliuandika kwa viwanja na majina ya watu.

Mama Vichanja:
Mimi nina swali la mfanyabiashara. Hao wa Hastings nasikia bado ni wavuvi, sasa wanagawanaje ufuko?

Mwalimu Nyegezi:
Mama, Hastings ungejisikia nyumbani, harufu tu ingekupokea. Hawana bandari ya kufungia boti, wanazivuta kwa mashine juu ya changarawe mpaka leo. Zamani ufuko ulikuwa mwembamba, nafasi haitoshi, kila mvuvi akapewa kipande kidogo sana cha kuwekea nyavu, kama mita mbili na nusu kila upande. Wakajenga kwenda juu! Vibanda vya mbao vyeusi vilivyopakwa lami, virefu, vyembamba, vimebanana. Ndivyo watalii wanavyovipiga picha siku hizi.

Mtunza Daftari:
Naongezea upande wa parokia, maana nimeshinda miaka na vitabu vya ubatizo. Kule kila parokia iliamriwa mwaka 1538, chini ya Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, iandike ubatizo, ndoa na maziko. Serikali ilianza usajili wake 1837. Hapo katikati, hesabu ya watu ilikaa kanisani.

Na vitabu vya parokia za Romney Marsh vina jambo ambalo sisi wa ziwani tutalielewa haraka. Maziko yalikuwa yanazidi ubatizo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa malaria. Ndiyo, malaria, Uingereza, kwenye mabwawa ya maji chumvi ya pwani. Makasisi wengi waliopewa parokia zile walikaa vilimani penye hewa nzuri, wakashuka kusalisha tu. Parokia nyingine zilibaki jina na magofu: Midley, Hope, Eastbridge. Fairfield kanisa lipo, peke yake kati ya kondoo, na zamani mafuriko yakija waumini walikwenda kwa farasi au mtumbwi. Watu wameondoka, jina la parokia bado lipo.

Katibu wa Mwalo:
Nashukuru sana. Lakini swali langu la pili bado linaning'inia. Ile nchi iliyotoka majini ilikuwa ya nani?

Mwalimu Nyegezi:
Ya aliyeizungushia ukuta na kuikausha. Wamonaki wa Canterbury walikuwa mbele sana kwenye kazi hiyo. Ila ukuta ukibomoka kwa mmoja, maji yanaingia kwa wote, kwa hiyo usimamizi ukawa wa pamoja. Mwaka 1252 mfalme Henry III aliwapa hati wasimamizi wa tambarare ile. Waliwatoza wenye ardhi ushuru wa kutunza ukuta wa kuzuia bahari wa Dymchurch na mifereji, na asiyelipa walimshughulikia. Ukuta upo mpaka leo, umejengwa upya kwa zege.

Katibu wa Mwalo:
Ushuru ulikuwa sawa kwa wote?

Mwalimu Nyegezi:
Hapana, kwa ukubwa wa ardhi. Mwenye ekari nyingi alilipa nyingi.

Mama Vichanja:
Katibu, hiyo ya mwisho usiisome Jumamosi kabla sijafika. Wenye vichanja vingi ndio hao hao wanaodai kipande chote, na nataka nione nyuso zao ukisema utatoza kwa kichanja.