Gemu la ngumi la mchanganyiko linaweza kumliza mtu kweli, au mie ndo nna matatizo?

KijanaWaWete

Asalam alaykum nyote. Nna suali na naomba msinicheke, ingawa nnajua mtacheka tu.

Juzi umeme ulikatika Wete toka magharibi mpaka saa tano usiku hivi, simu imezima, nikaitoa ile PSP yangu ya kizamani, kile kimashine cha gemu cha mkononi, niloinunua kwa mtu Darajani mwaka nlokuja Unguja kusoma, kioo kina ufa kwenye kona lakini betri bado inakaa. Mna Dissidia 012 ndani, ile ya 2011. Kwa wasoijua, hili ni gemu la kupigana ambalo wamekusanywa watu wa Final Fantasy, yale magemu ya hadithi ya Kijapani, tofauti tofauti, kila mmoja katolewa gemu lake, wakatiwa uwanja mmoja, hawa upande wa Cosmos wale upande wa Chaos, miungu miwili inayogombana. Na vita vinajirudia. Wanapigana, wanakufa, wanafufuliwa, wanasahau kila kitu, wanaanza upya.

Sasa raundi ya 12 yanatokea masanamu ya kioo yalofanana na wao wenyewe, na anaeuliwa na yale ndo basi tena, hafufuki. Upande wa Cosmos unaona ushashindwa. Mara Kain anaanza kuwapiga wenzake mwenyewe, mmoja mmoja, wewe unasema msaliti mkubwa huyu, kumbe anawalaza ili yale masanamu yasiwakute, waje waamke raundi inayofuata. Kisha yeye na Lightning na Tifa na Yuna na Vaan na Laguna wanakwenda kuuziba mlango yanakotokea yale masanamu, na wanajua kule hawarudi. Kinachoniuma mie si kufa. Kinachoniuma ni kuwa raundi ya 13 wale walolazwa wanaamka, wanaendelea na safari zao, na hakuna hata mmoja anaekumbuka kuwa kuna watu walikwenda kwa ajili yao.

Nikazima nikakaa. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka unalia?" nikamwambia moshi wa chemli.

Asubuhi kawahadithia baraza zima. Toka siku hiyo nikipita naitwa Staringi wa Machozi. Sasa nauliza kweli kweli, gemu la ngumi, tena la kuokoteza watu huku na huku, linaweza kuwa na hadithi ya kumgusa mtu, au ni mie tu na giza lile? Nna sababu ya kuuliza, mdogo wangu anachora na anataka kutunga lake, nisingependa kumwambia upuuzi.

PadiMbovu

Hahahaha moshi wa chemli. Pole yakhe.

Mie nasema hapana, na nnasema kwa uzoefu. Nimekulia kibanda cha gemu Jang'ombe, mia tano unakaa nusu saa, mwenye kibanda anakodolea saa yake ya mkono kuliko TV. Stori ikianza tu kibanda kizima kinapiga kelele "stati! bonyeza stati!" uiruke, mana kila sekunde ya stori ni pesa yako inaondoka. Marvel vs. Capcom ya 1998 mpaka leo sjui wale watu waligombania nini, na sikuwahi kuhitaji kujua, Wolverine huyu Ryu huyu, twende. Wakaja 2017 na ile Infinite, wakatia stori modi ndefu, Ultron, adui wa Marvel, kaunganishwa na Sigma, adui wa Capcom, kawa jitu moja, wanaongea weee wanaongea, nikasinzia na padi mkononi.

Krosova, haya magemu ya kuchanganya watu wa magemu tofauti, ni urojo. Mna badia, mna kachori, mna yai, mna mishikaki, mna chipsi za muhogo, unakula unatoka jasho unakwenda zako. Nani kalia kwa ajili ya urojo?

Na jengine. Hadithi ya kuliza inataka mtu apoteze kitu, sasa hawa watapoteza nini na wote wana wenyewe? Mwenye Superman hakubali Superman avunjiwe heshima ndani ya gemu la jirani. Mortal Kombat vs. DC Universe ya 2008 si mliiona, Mortal Kombat ile ile ya kung'oa watu uti wa mgongo, ilipokutana na Superman na Batman ikawa na adabu kama bwana harusi siku ya kwanza ukweni. Mashujaa wale hata kumaliza mtu hawaruhusiwi, wanakuangusha kwa heshima basi. Hakuna anaekufa, hakuna anaebadilika, kila mtu lazima arejeshwe kwao kama alivyoazimwa. Utalilia nini hapo?

BintiKikwajuni

PadiMbovu, urojo ukizidi pilipili mbuzi mie nshaulilia mara nyingi tu, kwa hivo hoja yako moja ishaanguka.

Sie ami yetu wa Maskati alituletea Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, na Super Smash Bros. Brawl, krosova yao ya 2008. Nilikuwa mdogo, Kiingereza changu chote kilikuwa cha kumsalimia mwalimu. Na hapo ndo nataka mfahamu uzuri wake, ile stori yao, Subspace Emissary, karibu hakuna anaesema neno. Wanatazamana, wanakimbia, wanarudi, ushafahamu. Mtoto wa Kikwajuni na mtoto wa Japani wote wanaangalia kitu kimoja.

Mna R.O.B. mule, kile kiroboti cha Nintendo. Kiroboti kile kilikuwa kitu cha kweli, kilitoka 1985 kikiuzwa na mashine yao, halafu zama zake zikapita kikawekwa kando kama vile tunavyoweka sie redio mbovu juu ya kabati. Basi ndani ya hadithi kuna mmoja kavaa joho, uso hauonekani, anapita na mabomu, na kila bomu linashikwa na viroboti viwili mpaka linaripuka navyo vinakwenda nalo. Unamchukia huyo wa joho. Baadae joho linaungua, kumbe na yeye ni R.O.B., mkubwa wao, analazimishwa, na kila bomu aliloweka alikuwa akipunguza watu wake mwenyewe. Mwisho viroboti vyote vilobakia vinakamata mabomu kisiwani kwao, vinajaribiwa kubanduliwa haviachii, na yeye anachukuliwa kwa ndege ya wenzake huku kisiwa kinamezwa nyuma yake. Na sura hana! Macho mawili ya plastiki tu, hayafumbi hayafumbui. Kaka yangu alokuwa akinicheka kwa kila kitu alinyanyuka akasema anakwenda kunywa maji, na akakaa jikoni muda ambao maji hayanyweki.

Hao ndo wa kuangalia, wadogo wadogo. Kweli Mario hawezi kufanywa kitu, hapo umesema sawa. Lakini kiroboti kilichoachwa nani atakipigania? Huyo unaweza kumfanyia hadithi yoyote.

Na wala si lazima mtu afe. Mule mule kuna Lucas, mtoto muoga muoga, mtoto mwenziwe Ness anamsukuma pembeni, bunduki ya Wario, yule mbaya, inampata Ness mwenyewe anageuka sanamu. Lucas anafanya nini? Anakimbia. Anamuacha. Anaelijua gemu lake Mother 3, la 2006, ambalo halikuuzwa nje ya Japani, anajua yule mtoto huko kwao kashafiwa na mama. Mie sikuwa nikijua hilo. Niliona mtoto anakimbia na anageuka nyuma, nikajua na mie ningekimbia.

BabaShamte

Vijana amani iwe kwenu. Magemu mie siyachezi, nawalipia wanangu tu, lakini mada hii imenikalisha.

Nani kawaambieni ngumi na machozi havikai pamoja? Sie tulokuwa tukiingia Majestic na Cine Afrique kuangalia mapicha ya Kihindi, mtu mmoja anapiga watu kumi na mbili, na dakika tano mbele ukumbi mzima unapenga makamasi kwenye leso. Hakuna alouliza vipi. Yule anaepigana ulikuwa ushamuona na mamake.

Mie kwetu Makunduchi. Mwaka Kogwa mnaijua, wanaume wanacharazana vigomba, upande huu na upande ule, ili kinyongo cha mwaka kitoke mwilini. Mgeni anaekuja na kamera yake anaona watu wanapigana basi, anapiga picha anacheka. Mie simuoni "mtu", mie namuona fulani anampiga fulani. Mwaka mmoja niliwaona ndugu wawili, watoto wa mkubwa na mdogo, walokuwa hawasemezani kwa ajili ya mipaka ya shamba. Walipigana wale, vigomba vikakatika, maji ya mgomba yamewarukia mpaka machoni, na mmoja kofia yake ikaanguka. Yule mwenziwe akaacha kupiga, akaiokota, akaikung'uta mchanga kwenye paja, akampa. Kisha wakaendelea kupigana! Mama mmoja pembeni yangu akageuza uso. Mgeni na kamera yake alikuwa anaangalia kwengine kabisa, hakuipata.

Sasa huyo anaetaka kutunga gemu, ngumi aziache zilivyo. Atafute kofia.

PadiMbovu

Mzee nimekusikia, heshima yako. Ila Makunduchi hamna kitufe cha stati.

Haya, naungama moja na iishie hapa hapa. King of Fighters si krosova vile vile, toka 1994 kampuni ya SNK walipowachukua wa magemu yao Fatal Fury na Art of Fighting wakawatia timu za watu watatu watatu. Ile ya XIII kuna Ash Crimson, mtoto mbaya, mnafiki, kapora nguvu za watu gemu mbili nzima huko nyuma, kila mtu kibandani anamtukana. Mwisho inakuja kujulikana kuwa mzee wa ukoo wao, Saiki, anataka kurudi zama za nyuma avuruge kila kitu, na Ash anamzuia mlango ufunge. Akimzuia yule maana yake ukoo hauzaliki, na yeye mwenyewe anafutika, kama hakuwahi kuwepo. Na anajua. Na anacheka vile vile kama siku zote, jeuri haijamtoka.

Sikulia. Niliongeza mia tano nyengine nikairudia.

BintiKikwajuni

PadiMbovu kumbe mtu 😂 Mia tano nzima kwa stori, wewe wa stati stati?

KijanaWaWete

Wallahi nimefurahi, nikajua nipo peke yangu. Nimemsomea mdogo wangu yote, na ile ya kofia kaniomba niisome mara mbili.

PadiMbovu ile hoja yako ya kila mtu ana mwenyewe nimemwambia, kanijibu kabla sijamaliza: "Basi ntachukua wasokuwa na mwenyewe." Katoa daftari lake. Kachora Sungura, kachora Abunuwasi na punda, kachora Fumo Liongo mrefu kupita ukurasa, miguu kaimalizia ukurasa wa pili. Nani atakuja kutudai? Anataka wapigane wote uwanja mmoja, na kama kwenye Dissidia, ukiingia uwanjani unasahau ulikotoka.

Nikamuuliza, Liongo atapigana na nani, mana yule hapigiki, hadithi yenyewe inasema halimuui kitu ila sindano ya shaba kitovuni. Akasema atapigana na mwanawe, yule yule alohongwa na maadui akamchoma babake usingizini. Nikamwambia mwanangu hiyo nzito. Akasema sikiliza kwanza. Mtoto kasahau, hajui huyu ni nani. Wote wamesahau. Lakini Liongo hakusahau, kwa sababu alikufa kapiga goti kisimani na upinde kauvuta, watu wanaogopa hata kuchota maji, na mtu aloshindikana kuanguka hata baada ya kufa, kumbukumbu nazo hazikumtoka. Kwa hivo wewe unacheza kama yule mtoto, unampiga Liongo, na kila ukimpiga vibaya yeye anakuonesha kwa mkono pa kupiga. Anakufundisha. Unashinda raundi ya kwanza, unashinda ya pili, unajiona hodari. Raundi ya tatu mtoto anasimama anauliza, "Mzee, mbona wewe hunipigi?"

Nikauliza Liongo anajibu nini. Kasema bado hajaandika, anataka kwanza ajue namna ya kuchora mtu anaeziba kitovu chake kwa kiganja bila ya kuonekana kama anaumwa na tumbo.

BintiKikwajuni

Mwambie asiandike jibu kabisa. Kiganja kinatosha.

PadiMbovu

Chemli gani hiyo mnayotumia huko Wete, moshi umefika mpaka Jang'ombe.