Msaada wakuu: nikiandika kwenye baiti za ziada za DS1307, saa inasimama

Wakuu habari za jioni. Nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya Linux) kwenye chumba cha baridi cha samaki cha mjomba hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, inahesabu mlango unafunguliwa mara ngapi maana baridi ikitoka sangara wanaharibika. Umeme ukikatika hesabu inapotea, kuandika kwenye memori kadi kila saa sitaki, kadi mbili zimeshakufa. Sasa chipu ya saa ni DS1307, ina baiti 56 za ziada zinazoshikiliwa na betri ileile ya saa, nikaandika draiva ndogo ya keneli (kiini cha Linux) izitoe kama faili. Inasoma na kuandika vizuri ila sekunde zinarukaruka, na jana mlango ulipofunguliwa mara ya 128 saa ikasimama kabisa! Nimebadili betri, nimechomeka waya upya, wapi. Nisaidieni, sijalala vizuri.

Fundi_Igombe: Kaka betri haina kosa. Rejista (vijisanduku vya baiti moja moja ndani ya chipu) 0 mpaka 7 ni za saa yenyewe, nafasi yako inaanzia 8 inaishia 63. Mtu akiandika mwanzo wa faili, draiva yako inapeleka 0 hiyohiyo kwenye chipu, na 0 ndo sekunde. Biti ya juu ya rejista hiyo ndo inasimamisha saa, na 128 ni biti hiyo peke yake. Kwenye reg_read na reg_write, yaani sehemu za draiva yako za kusoma na kuandika, jumlisha 8 kwenye anwani, size (ukubwa wa faili) weka 56, usiache wazi, maana ukipita 63 chipu inarudi 0 na unaharibu saa tena.

MamaSato: Mdogo wangu mbona unajitesa, draiva ya rtc-ds1307 ya Linux inazitoa tayari kupitia nvmem, sehemu ya keneli inayotoa memori ndogo kama hizi kama faili. Weka dtoverlay=i2c-rtc,ds1307 kwenye config.txt (faili la mipangilio ya Pi), washa upya, chungulia /sys/bus/nvmem/devices. Na hesabu ipe baiti mbili, moja inaishia 255.

Kamanga_22: Asije mtu akanunua DS3231, chipu nyingine ya saa, kwa kazi hii, haina hizo baiti, mimi nilishalia.

Mwenye uzi: Asanteni sana wakuu. Nilijumlisha 8 kwanza nione kwa macho yangu, sekunde zikatulia. Halafu nimeitoa draiva yangu nikaweka ya keneli, baiti mbili. Nimezima umeme dakika kumi, nimewasha, hesabu 131 ipo palepale na saa inaenda. Mjomba kaniagizia sato.