Ngumi kisogoni dola 5,000, kulalamika dola 250,000: adhabu za NHL ni dhuluma tupu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hoki ya barafuni, na NHL ndiyo ligi yake kuu kule Marekani na Canada. Najua wengi humu ni watu wa Simba na Yanga, ila someni mpaka mwisho, maana ninachokilalamikia hakihitaji ujue hata sheria moja ya mchezo huo.

Tarehe 3 Mei 2021, Madison Square Garden, New York. Pavel Buchnevich wa Rangers, timu ya New York, ameshaanguka, amelala kifudifudi karibu na goli. Tom Wilson wa Washington, pande la mtu la kilo mia, yuko juu yake anamshindilia ngumi. Artemi Panarin, ambaye kwa umbo hafui dafu mbele ya Wilson, anamrukia mgongoni ili amnusuru mwenzake. Wilson anamgeukia yeye, helmeti ya Panarin imeshavuka, anambwaga kwenye barafu kichwa wazi. Barafu jamani, siyo nyasi. Panarin hakucheza tena msimu ule.

Adhabu ikatoka: faini ya dola 5,000. Kufungiwa, hata mechi moja hakuna. Na hiyo faini ilikuwa ya ngumi alizopigwa Buchnevich tu, ya Panarin wameipotezea kama haikutokea. Wilson wakati ule alikuwa na mkataba wa dola milioni 31 kwa miaka 6, kwa hiyo faini hiyo hata hakuisikia. Tena alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutumikia kifungo cha mechi 7 alichopewa Machi mwaka huohuo kwa kumgonga Brandon Carlo wa Boston.

Rangers wakachukia, wakatoa tamko kwamba George Parros, mkuu wa Idara ya Usalama wa Wachezaji, ile ya ligi inayotoa adhabu, hafai kuendelea na kazi ile. Hapo ndipo ligi ilipopata nguvu ghafla. Faini kwa klabu: dola 250,000. Yaani kusema kwamba mchezaji wako hakutendewa haki kunagharimu mara 50 ya kumpiga mtu aliyelala chini!

Bado. Timu zikarudiana tarehe 5 Mei palepale New York. Sekunde moja ya mchezo haijaisha, wachezaji sita wameshatupa glavu, wawili wawili wanatwangana. Ndani ya dakika tano yalikuwa mapigano sita. Na mnajua nani aliyeishia kufungiwa kutokana na sakata lote hilo? Buchnevich. Mechi moja, kwa kumpiga Anthony Mantha wa Washington usoni kwa gongo, yaani fimbo ya kuchezea. Alistahili adhabu, simtetei. Lakini nielezeni, aliyepigwa akiwa amelala anafungiwa, aliyempiga anatembea.

Na tusidanganyane kwamba kisasi kile kilitokea kwa bahati mbaya. Ligi isipoadhibu, wachezaji wanaadhibiana wenyewe, na hilo NHL walishalishuhudia mwaka 2004. Februari ya mwaka ule Steve Moore wa Colorado, kijana mgeni kwenye ligi, alimgonga Markus Naslund, nahodha wa Vancouver, kichwani. Naslund akapata mtikisiko wa ubongo. Waamuzi hawakumtoa Moore, ligi nayo ikapitia tukio ikasema hakuna kosa. Vancouver wakabaki na kinyongo.

Tarehe 8 Machi wakakutana Vancouver. Kwa desturi zao, ukimuumiza nahodha wa watu inabidi upigane ana kwa ana, deni liishe. Moore alipigana kipindi cha kwanza, na Matt Cooke. Likumbukeni jina hilo. Deni alilipa. Kipindi cha tatu Colorado wanaongoza 8-2, Todd Bertuzzi akaanza kumfuatafuata Moore, anamvuta jezi kwa nyuma, Moore anaendelea kuteleza hamjibu. Bertuzzi akamtwanga ngumi ya kichwa kutokea nyuma, Moore akaenda chini uso mbele, Bertuzzi juu yake, wengine nao wakamwangukia. Alilala pale kama dakika kumi bila kujitikisa, akatolewa kwa machela. Pingili tatu za shingo zimevunjika. Alikuwa na miaka 25 na hakucheza tena mechi hata moja ya NHL.

Bertuzzi alikosa mechi 13 za msimu na 7 za mtoano. Jumla 20! Mtaniambia alikaa nje miezi 17. Ni kweli, ila msimu wa 2004-05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, hakuna aliyecheza, kwa hiyo mwaka huo NHL haikumnyima hata mechi moja. Mahakamani British Columbia, jimbo lenye Vancouver, alikiri kosa la shambulio, akapewa uangalizi wa mwaka mmoja na saa 80 za kazi za jamii. Februari 2006 alikuwa Turin anaichezea Canada kwenye Olimpiki. Aliendelea na NHL hadi 2014, mwaka uleule ambao Moore alimaliza naye kesi ya madai nje ya mahakama. Miaka kumi mtu anadai shingo yake.

Nilisema mlikumbuke jina la Matt Cooke. Machi 2010, akiwa Pittsburgh, alimgonga Marc Savard wa Boston kichwani kwa bega, Savard hakumwona akija. Ligi ikasema sheria zilizopo hazikatazi. Mechi sifuri. Ndipo wakakimbilia kuandika sheria mpya ya kukataza kugonga kichwa kutokea upande usioonekana. Savard alirudi, akagongwa tena Januari 2011, na ukawa mwisho wake. Sasa mwaka 2008 Sean Avery wa Dallas alifungiwa mechi 6 kwa maneno machafu aliyowaambia waandishi wa habari kuhusu mpenzi wake wa zamani. Maneno machafu mechi sita, ubongo wa Savard sifuri.

Nyingine hii. Oktoba 2015 Raffi Torres alifungiwa mechi 41 kwa kumgonga Jakob Silfverberg kichwani, nusu nzima ya msimu, na ilibidi kwanza awe ameshafungiwa mara kadhaa huko nyuma ndipo wafike namba hiyo. Oktoba 2023 Shane Pinto wa Ottawa akafungiwa mechi 41 kwa mambo ya kamari, na ligi yenyewe ikasema haikukuta ushahidi kwamba alibeti mechi za NHL. Mara mbili ya Bertuzzi, na hakuna aliyetolewa kwa machela. Mwenye kuweza kunionyesha mizani iliyopima hivyo anionyeshe, mimi naona tu kwamba likiguswa jina la ligi namba zinapanda, ikiguswa shingo ya mchezaji zinashuka.

Watu wa mpira wa miguu mnamkumbuka Suarez, Kombe la Dunia 2014, alivyomng'ata Chiellini. FIFA wakamfungia miezi 4 asiguse mpira wowote na mechi 9 za taifa juu yake. Chiellini alibaki na alama za meno begani.

Kuna watakaokuja na lile jibu la kila siku, kwamba ni mchezo wa wanaume na wameingia wakijua hatari zake. Wameingia wakijua kugongwa bega kwa bega wakiwa na paki, kile kisahani wanachokipiga kama mpira. Hakuna aliyekubali kupigwa kisogoni. Mahakama kule Vancouver ililisema hilo hata kabla ya Bertuzzi, ilipomtia hatiani Marty McSorley mwaka 2000 kwa kumpiga Donald Brashear kichwani kwa gongo.

Chama cha wachezaji nacho sikiachi. Kinamkatia rufaa anayefungiwa, mechi 20 za Wilson mwaka 2018 zikashushwa hadi 14. Sawa, ni mwanachama wao. Oskar Sundqvist aliyegongwa na Wilson siyo mwanachama? Rufaa yake yeye inasikilizwa wapi? Na mshahara anaokatwa aliyefungiwa unaenda kwenye mfuko wa dharura wa wachezaji, haumfikii moja kwa moja yule anayeamka na kichwa kinamuuma.

Ninachotaka ni hiki. Ukipiga mtu kisogoni, au ukampiga aliyelala, unaanzia mechi 20, awe ameumia au hajaumia, uwe nyota au hujulikani, na mshahara wa mechi hizo apewe uliyempiga. Waamue watu wasiolipwa na ligi, daktari awemo. Anayeona mechi 20 ni nyingi mno aje hapa aniandikie namba yake, halafu aniambie Steve Moore apewe ngapi.