Programu za kuiga mtiririko "zinazohamishika": tumechoka kupotezewa saa za kompyuta kuu

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaoiga mtiririko wa hewa na maji kwenye kompyuta kuu tumeahidiwa kwa miaka mingi kwamba programu hii au ile inahamishika, yaani inaandikwa mara moja na kuendeshwa kwenye mashine yoyote, bila kujali vichakataji vyake vimeundwa na kampuni gani. Ukiipeleka kwenye mashine ambayo mwandishi wake hakuwahi kuigusa, ndipo unapogundua kwamba ahadi hiyo ilikuwa ya ukurasa wa maelezo tu.

Tazameni mashine zenyewe. Summit ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilitumia GPU (vichakataji vinavyopiga hesabu nyingi kwa pamoja) za NVIDIA. Frontier ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyovuka kiwango cha exaflop (hesabu bilioni bilioni kwa sekunde) mwaka 2022, inatumia za AMD, sawa na LUMI iliyoko Kajaani, Ufini. Aurora ya maabara ya Argonne, pia Marekani, inatumia za Intel, na Fugaku ya Japani haina GPU hata moja. Katika hali hiyo, mtu aliyeandika msimbo wake wote kwa CUDA, mfumo wa GPU za NVIDIA, kisha akaupitisha kwenye zana ya kuugeuza kuwa HIP, mfumo wa AMD, na kuona kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) haikulalamika, hana haki ya kutangaza kwamba programu yake inahamishika.

Programu tuliyolazimika kutumia, ambayo sitaitaja, ilikubali kujengwa bila tatizo kwenye mashine yenye GPU za AMD MI250X. Ikaanza kazi, ikaandika mafaili, lakini hesabu ya shinikizo haikutulia: masalio (kipimo cha kosa lililobaki katika hesabu) yalishuka kidogo, kisha yakagoma. Baada ya kuuchimbua msimbo tulikuta namba 32 imeandikwa wazi ndani ya kitanzi cha kujumlisha, kwa kuwa nyuzi (mikondo ya hesabu inayokwenda sambamba) za GPU za NVIDIA hufanya kazi katika makundi ya 32, ilhali hatua iliyofuata ilikuwa ikiiuliza mashine ukubwa wa kundi na kujibiwa 64. Kwa hiyo nusu ya thamani zilikuwa zikiachwa nje ya jumla, kimyakimya, bila onyo wala ujumbe wowote wa hitilafu. Tulipowaandikia wenye programu, walitujibu kwamba kwao inafanya kazi. Bila shaka inafanya kazi kwao, maana wao wana NVIDIA!

Hata baada ya kurekebisha hilo, kasi ilikuwa ya aibu, kwa sababu kila hatua ya muda data ilikuwa ikitolewa kwenye kumbukumbu ya GPU, ikapitishwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ndipo MPI, maktaba ya mawasiliano, iitume kwa nodi (kompyuta) nyingine ya mashine hiyo, ingawa mtandao wa mashine hiyo unaweza kuichukua moja kwa moja kutoka kwenye GPU. Saa hizo za mashine tunagawiwa kwa ushindani na tunazisubiri kwenye foleni. Zikiisha, hakuna anayeturudishia.

Wala asije mtu hapa kusema kwamba jambo hili haliwezekani. Neko, programu ya kuiga mtiririko iliyoanzia chuo kikuu cha KTH huko Stockholm na kuandikwa kwa lugha ya Fortran ya kisasa, ina tabaka moja la juu la hesabu na chini yake msimbo mahususi kwa kila aina ya kichakataji, na mwaka 2023 kazi iliyofanywa nayo kwenye LUMI na kwenye Leonardo ya Italia, yenye GPU za NVIDIA, ilifika fainali ya Gordon Bell, tuzo ya kazi bora za kompyuta kuu. Ni kazi ngumu na ya gharama, nakubali, na wafadhili wanaolipia makala mpya huku wakiwanyima fungu wanaotunza msimbo wana sehemu yao ya lawama. Lakini ugumu wa kazi haumpi mtu ruhusa ya kudai ameifanya.

Ninachodai ni kidogo: kila anayetumia neno "inahamishika" aweke wazi ni mashine zipi alizojaribu, kwa toleo gani la kompaila, pamoja na matokeo ya jaribio la Taylor–Green (mtiririko wa vizunguko ambao majibu yake yanajulikana) kwa namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu za mwendo na za mnato, ya 1600 kwenye kila mojawapo. Waliokutana na masaibu kama yetu naomba waandike hapa chini aina ya GPU na toleo la kompaila walilotumia, ili atakayefuata ajue kabla hajaomba saa zake.